Uso Uliopooza Baada ya Uvimbe Kuondolewa

Miongoni mwa kazi za kikosi hakuna inayoutegemea uso kama kazi ya mpiga buruji. Miguu yake yaweza kuchoka na mikono yake kutetemeka, lakini maadamu midomo yake inafunga vizuri na mashavu yake yanazuia pumzi, mlio utatoka. Na achukuliwe kwa mfano mtu wa kazi hiyo aliyeota uvimbe mdogo mbele ya sikio, akakaa nao miaka miwili kwa kuwa haukumwuma, hatimaye akapasuliwa na uvimbe ukatolewa. Anapozinduka anashukuru kwamba taabu imekwisha. Kisha analetewa uji, nao unamtoka kwenye pembe ya mdomo wala hawezi kuuzuia. Anapotaka kumchekea mkewe aliyekuja kumtazama, nusu moja ya uso inacheka na nusu ya pili imetulia kama haijasikia habari. Hapo ndipo swali linapoanza: ni nani awezaye kuurudisha uso huo, na atafutwe kwa haraka gani?

Yafaa kwanza kujua jambo hilo limetokeaje. Mshipa wa fahamu unaoiamrisha misuli ya uso hutoka kwenye ubongo, hupita katika mfereji mwembamba ndani ya mfupa wa sikio, kisha hujitokeza chini ya sikio na kuingia katikati ya tezi kubwa ya mate. Humo hugawanyika matawi matano, kama vidole vya mkono: la panja na kipaji, la jicho, la shavu, la mdomo wa chini, na la shingo. Daktari anayeondoa uvimbe wa tezi hiyo hana njia nyingine ila kufanya kazi yake kati ya nyuzi hizo. Uvimbe wa mahali hapo, kama 8 katika kila 10, si kansa, na aghalabu mshipa huokolewa wote. Uso ukilegea baada ya operesheni ya namna hiyo, mara nyingi ni kwa sababu mshipa ulivutwa au kubanwa, nao huamka wenyewe baada ya majuma au miezi kadhaa. Lakini pale ambapo kansa imekwisha kuukumbatia mshipa, mpasuaji hana budi kuukata pamoja na uvimbe, kwani kuuacha mshipa ni kuiacha kansa. Uvimbe unaoupooza uso hata kabla ya kisu kuugusa ni wa kutiliwa shaka kubwa, na mwenye nao asingoje hata juma moja. Maafa kama hayo huweza kuwapata pia wale walioondolewa uvimbe unaoota kwenye mshipa wa kusikia, ndani ya fuvu.

Basi neno la kwanza la kumwuliza daktari aliyeondoa uvimbe ni hili: mshipa umekatwa au umesalia? Watu wengi huona haya kuuliza, wakidhani kwamba kuuliza ni kumshitaki daktari. Sivyo hata kidogo. Jibu hilo limeandikwa katika ripoti ya operesheni, na mgonjwa anastahili kupewa nakala yake, pamoja na ripoti ya maabara inayosema uvimbe ulikuwa wa namna gani. Karatasi hizo mbili zina thamani kuliko barua kumi za kuombea huruma, kwa maana mpasuaji mpya asiyejua kilichofanywa na mwenzake hulazimika kubahatisha.

Sababu ya haraka ni kwamba msuli usiopata amri haungoji milele. Huanza kunyauka, na baada ya mwaka mmoja umekwisha kupoteza nguvu nyingi. Baina ya mwezi wa 18 na wa 24 kwa kawaida hauwezi tena kuipokea amri hata ukiletewa mshipa mzima. Nao mshipa uliounganishwa hukua polepole, kiasi cha milimita 1 kwa siku, hivyo safari ya sentimita 10 ni siku 100 na zaidi. Ajuaye kutoa na kujumlisha ataona kwamba mtu aliyeambiwa “nenda nyumbani ukasubiri”, akasubiri mwaka mzima kwa adabu, amekula karibu muda wake wote. Mshipa ukikatwa, ulio bora ni kuunganishwa katika operesheni ileile, kwa kipande cha mshipa kilichotolewa shingoni au nyuma ya mguu, mahali ambapo hasara yake ni ganzi kidogo tu juu ya ngozi. Kama haikufanyika, mgonjwa aanze kutafuta mpasuaji majuma hayohayo. Kama mshipa umesalia, kusubiri kuna haki yake. Lakini ikipita miezi 6 pasipo hata dalili ndogo ya kutikisika, kungoja zaidi si subira tena.

Wakati utafutaji ukiendelea, jicho halina likizo. Kope isiyofunga huliacha jicho kavu, na vumbi la barabarani hulikwaruza mpaka kuona kukafifia. Mchana litiwe dawa ya matone mara kwa mara, usiku lipakwe marhamu na kufungwa vizuri kwa utepe, kope ikiwa imeshuka kabisa, na mtu wa doria avae miwani. Jicho likiwa jekundu na kuuma, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Yako matengenezo madogo yasiyongoja mpasuaji wa uso: kipande cha dhahabu au platini, uzito wa gramu 1 hivi, hushonewa ndani ya kope ya juu ili kuivuta chini, au pembe za kope hushonwa zikakaribiana. Bibi wa nyumbani ndiye mlinzi mkuu wa jicho hilo, kwa kuwa yeye humwona mumewe akiwa amelala.

Na nyumbani kuna jambo la pili, zito kuliko linavyoonekana. Mtoto mdogo husoma hasira katika uso usiocheka, akaanza kumkimbia baba yake. Kazini, askari anayetabasamu kwa nusu ya mdomo mbele ya afande wake huweza kudhaniwa ana dharau. Mwanamke naye huacha kuhudhuria harusi, hula peke yake jikoni, na hujifunika kitambaa hata wakati wa joto. Kwa hiyo wanaosema kwamba operesheni ya uso ni urembo tu hawajakaa meza moja na mgonjwa wa namna hii.

Elimu ya kazi hii, yapasa kusemwa, imekuwa na uhusiano na askari tangu zamani. Charles Bell, mpasuaji wa Uskoti aliyewahudumia majeruhi wa vita vya Waterloo mwaka 1815, alieleza mwaka 1821 kazi ya mshipa wa uso. Ndiyo maana kupooza uso kwa ghafula pasipo uvimbe, ugonjwa mwingine ambao wengi hupona, huitwa kwa jina lake. Mwaka 1895 Charles Ballance wa London aliunganisha mshipa wa uso na mshipa unaoinua bega. Uso ukapata uhai, lakini kwa gharama ya kuchekesha, kwa kuwa shavu lilisogea kila bega lilipoinuka. Harold Gillies aliwatengeneza maelfu ya askari wa Vita Vikuu vya Kwanza katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup mwaka 1917, na baadaye akaonyesha jinsi msuli wa panja unavyoweza kutumiwa kuinua mdomo. Mwaka 1976 wapasuaji wa Japani, akiwamo Kiyonori Harii, walitangaza kwamba wamehamisha msuli mwembamba kutoka upande wa ndani wa paja hadi shavuni, pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu, wakaushona chini ya darubini. Hata Afrika Mashariki fani hii si mgeni wa jana. Waanzilishi watatu wa huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF mwaka 1957, yaani Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walikuwa wote wapasuaji wa kurekebisha viungo.

Njia zinazotumika sasa zimetokana na hizo. Ambaye misuli yake bado hai huweza kuletewa tawi la mshipa wa kutafunia, lililo karibu na lenye nguvu, au nyuzi zilizopitishwa chini ya ngozi ya mdomo wa juu kutoka upande mzima wa uso. Ambaye muda wake umepita huhitaji msuli mpya, wa paja au wa panja. Mzee sana, au mtu asiyestahimili operesheni ya saa nyingi, hutosheka na utepe wa utando mgumu uliotolewa pajani, ambao huishikilia pembe ya mdomo isianguke. Haitembei, ila uji hubaki kinywani, na hilo si dogo.

Mpasuaji gani basi? Mtu asitafute cheo kimoja tu. Wako wa masikio, pua na koo wanaoijua kazi hii, wako wa mdomo na taya, na wako wa kurekebisha viungo. Kinachohesabika ni kama ameifanya yeye mwenyewe, mara ngapi, na kama hospitali yake ina darubini ya kushonea mishipa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Aombwe aonyeshe picha za wagonjwa wake wa awali wakiwa wanacheka, kwa sababu picha ya uso uliotulia haithibitishi chochote. Mpasuaji mzuri hutambulika pia kwa maswali yake. Kabla ya kutaja kisu atauliza tarehe ya operesheni ya kwanza, kama mgonjwa alichomwa kwa mionzi, kama kansa imechunguzwa tena; atamwambia akunje kipaji, afumbe macho, aonyeshe meno. Anayeahidi kwamba uso utarudi kama ulivyokuwa, huyo aachwe na ahadi yake. Vivyo hivyo mganga wa chale: dawa ya kupaka haiungi mshipa uliokatwa, na kila mwezi unaopotea kwake hautarudishwa.

Katika Uganda askari huanzia kwa daktari wa kikosi chake, apate barua ya rufaa, na barua hiyo itaje mshipa, si “uvimbe” peke yake. Mulago ndiyo hospitali kuu ya rufaa. Kiruddu, katika Kampala hiyohiyo, ina wapasuaji wa kurekebisha viungo na majeraha ya moto. Na Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, iko hospitali ya CoRSU, iliyofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya kazi za kurekebisha viungo. Chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, kinawafundisha vijana wa fani hiyo, kwa hiyo si lazima kila jibu lipatikane ng’ambo. Familia iulize huko kwanza kabla ya kuuza ng’ombe. Tena iwe na hadhari na kambi za madaktari wageni wanaokaa majuma mawili. Kwa midomo ya sungura ya watoto kambi hizo zimefanya kazi ya kusifiwa, lakini uso uliopooza wahitaji daktari atakayekuwapo mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili.

Kwa maana baada ya kushonwa hakuna kinachoonekana. Miezi kadhaa hupita, shavu limevimba na limenyamaza, na wengi hukata tamaa hapo. Kisha siku moja, mgonjwa akiuma meno, pembe ya mdomo husogea kidogo sana. Tangu siku hiyo hukaa mbele ya kioo asubuhi na jioni, akiuma meno taratibu na kucheka pande zote mbili kwa kipimo kimoja, mpaka ubongo ujifunze kucheka pasipo kuuma. Mkewe humpiga picha kwa simu kila mwezi, ili daktari aone.

Buruji aghalabu haimrudii. Kuizuia pumzi yake kwataka nguvu kuliko inayopatikana kwa msuli wa kuazima, na afadhali mkuu wa beni aambiwe hivyo mapema, ili ampe ngoma.