Elimu ya Suluhu Irudi Nyumbani

Miongoni mwa vijana wa Unguja na Pemba wanaokwenda kutafuta shahada ya pili, wapo wanaochagua somo la utatuzi wa migogoro na usalama wa kanda. Sisi tunawapongeza. Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kilianzisha idara ya somo hili mwaka 1971, na kile cha Bradford, Uingereza, kikafuata mwaka 1973. Hapa nchini, Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji.

Wapo wanaouliza: elimu hii ina faida gani kwa mvuvi wa Wete au mkulima wa Makunduchi? Jawabu limo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1999, CCM na CUF walitia saini Muafaka wa kwanza kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Maneno yake yalikuwa mazuri, lakini mengi yalibaki katika karatasi. Haukupita muda mrefu, tarehe 26 na 27 Januari, 2001, damu ikamwagika, na ndugu zetu wapatao 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Ufa ulikuwa umeonekana. Haukuzibwa, na ukuta ukaanguka juu ya wanyonge.

Ni dhahiri basi kwamba kuandika mkataba ni jambo moja, na kuutekeleza ni jambo jingine. Hilo ndilo somo tunalotaka vijana wetu walisome mpaka walielewe.

Dakta Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa Pemba mwaka 1942, alichukua shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia huku akiiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Alipokuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, viongozi wa Bara hili waliunda mjini Cairo, mwaka 1993, chombo cha kuzuia na kutatua migogoro. Baadaye alisuluhisha mgogoro wa Darfur mjini Abuja. Mkataba ulipatikana Mei 2006, lakini kundi moja kuu la wapiganaji ndilo lililotia saini, mengine yakakataa, na vita havikwisha. Ikiwa msuluhishi mzoefu kama huyo alikutana na ugumu huo, mwanafunzi asidhani kwamba cheti peke yake kitamfungulia milango.

Visiwa vyetu vimewahi pia kuipata njia. Mwaka 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, wakazungumza wenyewe bila msuluhishi kutoka nje. Tarehe 31 Julai, 2010, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambayo ikaingizwa katika Katiba ya Zanzibar. Hata hivyo, matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2015 yalifutwa, CUF ikasusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, na umoja ule ukasimama hadi Disemba 2020. Kwa nini maridhiano yaliyoridhiwa na wananchi yaliteleza pale? Swali hilo linastahili tasnifu kumi, na lingefaa zaidi liandikwe na mtoto wa hapa, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapana budi kuharakisha. Maalim Seif alifariki Februari 17, 2021, na wazee wengine waliokaa katika meza zile wanazidi kupungua. Kila mmoja anapoondoka, anaondoka na maktaba yake.

Wala tusisahau majirani. Kisiwa cha Anjouan kilijitenga na Komoro mwaka 1997. Mikutano na mikataba ikafuatana, na Machi 2008 askari wa Tanzania wakawa miongoni mwa majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyokwenda kurejesha mamlaka ya Serikali kisiwani humo. Vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 vimewahi kuvuka mto Ruvuma na kuingia Mtwara. Bahari inayotuunganisha na jamaa zetu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutuletea fitina zao.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Serikali mambo mawili. Kwanza, wawafungulie watafiti wetu kumbukumbu za mazungumzo yaliyopita kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Pili, kijana anaporejea na shahada hii asipelekwe kuhesabu karatasi katika ofisi isiyomhusu. Apewe kazi ya kufuatilia utekelezaji wa yale tuliyokubaliana.

Na kwenu, vijana: msiifanye shahada ngazi ya kupandia vyeo na safari. Tasnifu mlizoandika kwa Kiingereza zielezeni kwa Kiswahili fasaha, mzifikishe kwa masheha na wazee wa mitaa, kwani ugomvi mwingi huanzia barazani kabla ya kufika Barazani kwa Wawakilishi. Wengi wetu tulilisikia neno sulhu chuoni, mbele ya mwalimu, kabla hatujaandikishwa skuli. Mwalimu yule hakuturuhusu kulihifadhi neno bila ya kulitenda. Elimu bila ya amali ni mti usio na matunda.