Kenya: Kulipa deni la nyumba mapema au kuwekeza? Mizani yageuka

Kwa Mkenya anayelipa mkopo wa nyumba na aliyebakiwa na akiba mkononi, jibu la swali la zamani limegeuka katika muda usiozidi miaka miwili. Faida ya kuikopesha serikali imeporomoka, ilhali riba ambayo benki huwatoza wateja wake imeshuka kwa mwendo wa kobe. Uamuzi uliokuwa wa busara mwanzoni mwa 2024 unaweza leo kuwa hasara.

Wakati huo serikali ilikuwa na njaa ya fedha. Deni la nje la dola bilioni 2 lilipaswa kulipwa ifikapo Juni 2024, na shilingi ilikuwa imedhoofika hadi takriban 160 kwa dola moja. Mwezi Februari, Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilipandisha riba yake elekezi hadi asilimia 13. Mwezi huohuo hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu iliuzwa kwa riba ya asilimia 18.46, tena isiyokatwa kodi. Serikali iliomba shilingi bilioni 70, nao wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 280.

Kwa upande wa pili, wastani wa riba ya mikopo ya nyumba katika mwaka 2023 ulikuwa umezidi asilimia 14 kidogo tu. Mwenye akiba ya ziada alikuwa na kila sababu ya kuikopesha serikali na kuliacha deni la benki liende kwa ratiba yake. Aliyenunua hatifungani ile bado anapokea riba ileile, na hana haja ya kujuta.

Faida yashuka, riba yajikokota

Tangu Agosti 2024, CBK imekuwa ikipunguza riba elekezi hatua kwa hatua, hadi kufikia asilimia 9 mwezi Desemba 2025. Dhamana za serikali za siku 91, zilizokuwa zikilipa takriban asilimia 16 katikati ya 2024, mwishoni mwa 2025 zilikuwa zikilipa chini ya asilimia 8. Zile za siku 364 zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 10, na baada ya kodi ya asilimia 15 inayokatwa kwenye faida, mwekezaji alibaki na takriban asilimia 8.

Mikopo haikufuata kwa kasi hiyo. Wastani wa riba ya benki za biashara, uliokuwa asilimia 17.2 mwezi Novemba 2024, ulikuwa bado takriban asilimia 15 mwishoni mwa 2025. Ndiyo maana CBK ilianzisha utaratibu mpya kwa mikopo yenye riba inayobadilika, unaoifungamanisha riba hiyo na wastani wa riba ya mikopo ya usiku mmoja baina ya benki, KESONIA. Ulianza kwa mikopo mipya tarehe 1 Desemba 2025, na mikopo ya zamani ikapewa hadi mwisho wa Februari 2026 kuhamia humo.

Hesabu ya nusu milioni

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kinachopiganiwa. Mkopo wa shilingi milioni 6 kwa riba ya asilimia 14 na muda wa miaka 15 hudai malipo ya takriban shilingi 79,900 kila mwezi. Katika mwaka wa kwanza mkopaji hulipa karibu shilingi 959,000, lakini deni la msingi hupungua kwa takriban 127,000 tu. Zilizobaki zote ni riba.

Mkopaji huyo akiongeza shilingi 500,000 mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na akaendelea kulipa kiwango kilekile kila mwezi, atamaliza deni karibu miaka mitatu kabla ya wakati. Riba atakayoiepuka ni zaidi ya shilingi milioni 2.3. Sharti ni kwamba benki iagizwe kufupisha muda wa mkopo, si kupunguza malipo ya mwezi, na mkataba usomwe kwanza kuona kama kuna ada ya kulipa mapema.

Wapo wanaohofia kupoteza nafuu ya kodi. Sheria ya Kenya inamruhusu mwenye mkopo wa nyumba anayoishi kuondoa riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi. Hata hivyo, katika mfano huu riba ya mwaka wa kwanza inazidi shilingi 830,000. Sehemu kubwa ya riba hiyo haina nafuu yoyote, na ndiyo inayopungua kwanza deni linapopunguzwa.

Nyumba haigeuzwi chakula

Hata hivyo, hesabu hiyo haijataja hatari kubwa zaidi. Fedha zikishaingia kwenye deni hazirudi kwa urahisi. Aliyelipa nusu milioni ya ziada, kisha akapoteza kazi mwezi unaofuata, kwa kawaida bado atadaiwa malipo ya mwezi huo, na akishindwa kwa muda mrefu nyumba yaweza kupigwa mnada. Akiba ya dharura ya miezi kadhaa, hata ikileta faida ndogo, ndiyo inayolinda paa. Kinachozidi akiba hiyo ndicho cha kupelekwa benki.

Jibu hubadilika pia kwa waliopata mikopo ya riba isiyobadilika iliyo chini ya asilimia 10 kupitia benki na vyama vya akiba na mikopo vinavyofadhiliwa na kampuni ya KMRC. Kwao pengo ni dogo, na haraka haina faida kubwa. Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba na kununua nyumba kwa murabaha, bei huwa imepangwa tangu mwanzo. Kulipa mapema hakupunguzi chochote isipokuwa benki ikubali kusamehe sehemu ya faida yake, jambo la kuuliza kabla ya kutia saini.

Kenya nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu, kwani wengi hujenga kidogo kidogo kwa akiba na mikopo midogo. Lakini kanuni inavuka mpaka. Nchini Uganda, ambako riba elekezi ilibaki asilimia 9.75 tangu Oktoba 2024, faida ya dhamana za serikali zilizo chini ya miaka kumi hukatwa kodi ya asilimia 20. Huko pia, kama ilivyo Kenya, riba inayolipwa benki yafaa ilinganishwe na faida inayobaki baada ya kodi, si ile inayotangazwa mnadani.