Maua ya Bustani Yachaguliwe Kaskazi, Si Masika

Mvua za masika zinapoanza kulowesha Dar es Salaam, biashara ya miche huchangamka. Kwenye vitalu vya kando ya barabara, viriba vyeusi hupangwa safu kwa safu chini ya neti, maji humwagwa asubuhi na jioni, na karibu kila kichaka kina maua. Mteja anauliza jina, anauliza bei, na jibu huwa lile lile: "Chukua hili mama, linachanua mwaka mzima." Wanapatana, mche unapakiwa kwenye bajaji, na kabla jua halijazama umeshapandwa mbele ya baraza. Ikifika Februari, kichaka kile kimebaki vijiti na majani machache ya njano.

Wengi humlaumu muuzaji, au hujilaumu wenyewe kwamba hawana mkono wa kupanda. Lawama hizo si za haki. Kilichokosewa ni majira. Mwezi wa Mei pwani nzima imelowa, na mmea dhaifu hupendeza sawa na mmea shupavu. Anayetaka rangi bustanini wakati wa joto hana budi kuichagua wakati huo huo wa joto, mimea ikiwa katika mtihani wake mgumu, kisha asubiri masika ndipo apande.

Mtihani wenyewe si mdogo. Kati ya Desemba na Machi, upepo wa kaskazi unapovuma na vuli imekwisha kunyesha, joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32 na kuzidi. Ukuta wa saruji na pevingi hunyonya joto hilo mchana kutwa na kulirudisha usiku kwenye mizizi. Maji nayo hayana uhakika. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kilipopungua, jiji liliingia kwenye mgao, na familia zikawa zinahesabu ndoo za kupikia na kuogea. Bustani inayotegemea mpira wa maji kila jioni haiwezi kuvuka msimu kama ule, wala si haki kuidai familia maji ya maua wakati watoto wanasubiri maji ya kunywa. Rangi ya kiangazi lazima itoke kwenye vichaka vinavyojua kuishi na kiu.

Bogenvilia ndiyo ya kwanza kwenye orodha hiyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake linatokana na baharia Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake wa kuzunguka dunia katika miaka ya 1760 ulikuwa na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson. Zile rangi za zambarau, nyekundu na chungwa zinazofunika kuta za Upanga na Mombasa si petali. Ni majani maalumu yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kijibomba cheupe kilichojificha katikati. Kwa kuwa majani hayo ni makavu na mepesi, hudumu wiki kadhaa juani. La muhimu zaidi kwa mwenye nyumba ni kwamba bogenvilia huchanua vizuri inapokosa maji kidogo. Ikimwagiliwa kila siku na kurundikiwa mbolea yenye naitrojeni nyingi, hukimbilia kuota majani na matawi. Watu wengi wameinyima maua kwa kuipenda kupita kiasi.

Nairobi ilithibitisha jambo hilo hadharani. Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji hilo katika miaka ya mwisho ya ukoloni na mwanzo wa uhuru, aliipanda bogenvilia kandokando ya barabara kuu, penye vumbi, moshi na udongo uliokanyagwa. Hapakuwa mahali pa kudekeza mmea, na bado rangi zilijaa. Aliangalia kwanza ugumu wa mahali, ndipo akatafuta kichaka kinachouweza. Mwenye kiwanja kidogo Mbagala au Likoni anaweza kufanya vivyo hivyo.

Hibiskasi ni habari tofauti, na wauzaji wangeeleza tofauti hiyo wangewasaidia sana wateja. Ua lake moja kwa kawaida huishi siku moja tu, hivyo kichaka hulazimika kutengeneza matumba mapya kila asubuhi. Kazi hiyo inataka maji. Kiu ikizidi, matumba huanguka kabla ya kufunguka. Hibiskasi haifai kupandwa kwenye uzio wa mbali usiofikiwa na mtu. Mahali pake ni karibu na jiko la nje au bomba, ambapo maji ya kuoshea mchele na mboga yataufikia mzizi badala ya kupotelea mferejini, na ambapo kivuli cha mchana kitaupunguzia ukali wa jua la saa nane.

Hata hapo, hibiskasi inayouzwa zaidi ni ile ya Asia, ilhali ndugu yake wa hapa hapa hana mnunuzi. Hibiscus schizopetalus ni kichaka cha asili cha pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Ua lake jekundu huning'inia kwa kikonyo kirefu, petali zake zimechanikachanika na kujikunja juu. Wataalamu wa mimea wa Uingereza walikipa jina la kisayansi karne ya 19, na leo kinapamba bustani za nchi nyingi za joto. Katika vitalu vingi vya kwetu, mteja ataoneshwa hibiskasi za rangi kumi kabla ya kuoneshwa hii.

Udongo nao una neno lake. Iksora, yenye vishada vyekundu au vya chungwa, hupendwa sana na wapambaji wa hoteli. Asili yake ni kusini mwa India na Sri Lanka, na hutaka udongo wenye asidi kidogo. Kwenye ardhi ya matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za Unguja na fukwe za Bara, udongo umejaa chokaa na madini ya chuma hufungwa humo yasiweze kunyonywa na mizizi. Majani huwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mwenye bustani huongeza maji, kisha mbolea, na mmea unazidi kudhoofu. Aliyejenga juu ya matumbawe aiweke iksora kwenye chungu chenye udongo wa kuletwa na mboji nyingi, au aiache kabisa na kupanda bogenvilia, isiyojali chokaa wala upepo wa chumvi.

Vipo vichaka vingine vya Afrika vinavyongoja nafasi. Waridi la jangwani, linaloota lenyewe kwenye nyika kavu kama za Tsavo, huhifadhi maji kwenye shina lake nene na kutoa maua ya waridi kiangazi, mara nyingi likiwa halina jani. Kinachouangamiza mmea huu upesi ni kutuama kwa maji. Tecomaria, ambayo jamii yake hupatikana kiasili kuanzia Tanzania hadi Afrika Kusini, ina maua ya chungwa yenye umbo la tarumbeta, na ndege aina ya chozi huyafuata kwa nekta. Mtandamboo hutoa maua meupe yenye harufu nzuri, matunda yanayolika na miiba inayomzuia mbuzi.

Na rangi isisahaulishe harufu. Nyumba za Waswahili zilijua zamani kuweka mwasumini karibu na dirisha, mhina uani na mkilua nyuma ya nyumba. Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mtaalamu Bernard Verdcourt alipouandika rasmi mwaka 1970, hata katika jina la kisayansi aliliacha neno la Kiswahili: Mkilua fragrans. Mmea wenye historia hiyo kukosekana kwenye vitalu vya miji ya pwani ni hasara.

Kuna maua mazuri ambayo hayafai kuingizwa nyumbani bila kufikiri. Olianda huvumilia jua, chumvi na ukame, na maua yake ya waridi na meupe hayakauki msimu mzima, lakini kila sehemu yake ina sumu inayoathiri moyo. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, au yenye mbuzi wanaozurura, isiipande. Utomvu wa waridi la jangwani nao ni sumu, iliyotumiwa na wawindaji kwenye mishale. Mmea huo upandwe mbali na mikono midogo na ukatwe kwa glavu. Lantana, iliyoletwa kutoka Amerika kwa ajili ya vishada vyake vya rangi mchanganyiko, imeruka uzio na kuvamia malisho na kingo za misitu, na mifugo inayokula majani yake huugua ini na ngozi. Kuuza mche wake leo ni kuongeza mzigo wa wafugaji.

Basi kazi ianze Februari. Mwenye bustani azunguke mtaani saa za mchana aangalie nini kinachanua kwenye viwanja visivyo na mtu, kwenye uzio wa shule, kwenye vituo vya mabasi. Kinachochanua pale bila ndoo ya mtu kitachanua kwake. Abishe hodi aulize jina na kinavyotunzwa. Majirani wengi hawakatai kutoa kipandikizi, na tawi la bogenvilia lililokomaa, la unene wa kalamu na urefu wa sentimita 15 hadi 20, huota mizizi kwenye kiriba cha mchanga na mboji. Anayedhani bustani ni ya wenye fedha akumbuke kwamba mche huo haugharimu kitu.

Shimo lichimbwe kabla ya mvua, upana na kina cha nusu mita hadi sentimita 60, udongo wa juu utengwe na kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mche ukipandwa mwanzoni mwa masika hupata miezi minane ya kushusha mizizi kabla ya Desemba. Mvua zikikoma, umwagiliwe maji mengi mara mbili kwa wiki badala ya maji kidogo kila siku, ili mizizi iyafuate chini. Majani makavu yatandazwe kulizunguka shina bila kuligusa.

Wenye vitalu nao wana wajibu. Kibao kidogo kwenye kila safu ya viriba chaweza kueleza mambo manne: mmea umetoka wapi, unataka maji kiasi gani, unachanua miezi ipi, na kama una sumu. Halmashauri zinazonunua miche kwa ajili ya bustani za umma zinaweza kulifanya hilo kuwa sharti la ununuzi, na kuagiza sehemu ya miche iwe ya vichaka vya asili. Mkilua na hibiskasi ya pwani vitazalishwa kwa wingi pale tu mnunuzi mkubwa atakapoviulizia.