Kamatanda: pori haitarudia yenyewe



Kila tukiongea juu ya mashimo ya Kamatanda, hakukosi mukubwa mmoja wa kutujibu: "Muache, pori itarudia yenyewe." Sisi tunasema inategemea umeacha nini chini.

Masomoni tulifundishwa kwamba mimea inapokezana fasi: majani yanatangulia, vichaka vinafuata, halafu miti. Ni kweli. Mtu wa makala akikata mutondo na kuacha kisiki na mizizi, mvua zikirudi utaona machipukizi. Kama moto haupiti kila mwaka, na kama hakuna anayekuja kukata tena, baada ya makumi ya miaka pori iko pale. Lakini mgodi haukati mti tu. Unaondoa udongo wa juu, mizizi, mbegu, na ule uyoga wa chini unaolisha mizizi ya mutondo, halafu unamwaga juu mawe yenye shaba. Pale mimea inaanza kwa sifuri, tena juu ya sumu. Katanga tuna mimea michache inayovumilia shaba, kama Haumaniastrum katangense, ile ya maua ambayo watafuta-madini waliifuata. Ukiiona juu ya lundo usifurahi eti pori imerudia. Inakuonyesha shaba tu.

Muangalie Lubumbashi, kule Penga Penga. Moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza 1911 uliua miti upande upepo unakoelekea, udongo ukabaki wazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupanda Microchloa altera kwa mkono, pamoja na chokaa na mbolea, ili udongo ushikwe. Na hiyo ni majani, hatujafika kwenye mti.

Sasa ile piramidi tuliyochora ubaoni: kila ngazi inapata karibu 10% tu ya nguvu ya ngazi iliyo chini yake. Chini kuna majani ya mutondo, juu yake vinkubala, juu kabisa sisi tunaokula vinkubala na bukari, na bamama wanaoviuza sokoni. Mutondo ukiisha, vinkubala vinaisha, na bowa pia. (Kuku wa barafu? Bei yake munaijua.)

Hatuwalaumu bacreuseurs. Wanatafuta bukari, na sisi wenye diploma bila kazi tunawaelewa vizuri. Tunaongea na wenye mamlaka. Sheria ya Madini ya 2018 inagawa redevance hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% kwa mji au komini madini yanakotoka, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Basi hesabu ya ile 15% ibandikwe hadharani, kila mwananchi aisome. Na sehemu yake ilipe kitalu cha miche ya mutondo hapa Kamatanda. Vijana wa kukitunza wako tayari kuanzia kesho. Na kabla ya shimo jipya kufunguliwa, udongo wa juu uwekwe pembeni, usichanganywe na mawe.