Malaika Hana Mshahara

Asubuhi moja, kwenye banda la chapati karibu na ninapokaa, nilimsikia mteja akimwambia mwenye banda, huku akimtazama binti yake aliyekuwa anasukuma chapati: "Mama, wewe una baraka. Huyo ni malaika wako. Mungu atakulipa." Mama hakuinua macho kwenye kikaango. "Mimi nitalipwa na Mungu," alisema, "na yeye aliyeamka saa kumi kukanda unga, atalipwa na nani?" Mteja akacheka, akidhani ni utani, akaondoka na chapati zake mbili.

Binti huyo ana miaka 29 na ana sindromu ya Down. Mteja, kwa kumkadiria, hakuzidi 20. Kwa malezi yetu alitakiwa kumwamkia, au basi amwite dada. Hakumsemesha kabisa. Hata hela alimpa mama, mkono ukipita juu ya kichwa cha mtu aliyezitengeneza chapati zenyewe.

Nina ugomvi na neno malaika. Matusi ya zamani tunayajua, na siku hizi anayeyatamka hadharani hukemewa. Malaika ni gumu kulikemea kwa sababu huja na tabasamu, na mara nyingi huja na machozi. Lakini angalia linavyofanya kazi. Malaika hali, havai, hapangi chumba, haposwi. Hana haja ya kitu, kwa hiyo huwezi kumdhulumu. Ukishamwita mtu malaika umemsamehe kodi ya dunia, na umejisamehe wewe deni lake.

Imani inayotembea chini ya neno hilo ina vipande viwili. Cha kwanza: watu hawa hawawezi kazi, kwa hiyo tuwapende tu. Cha pili huja pale mtu anapothibitisha kwamba anaweza: basi kumpa kazi ni sadaka, na yeye ashukuru. Vyote viwili nimevisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma, misikitini na makanisani, na kwa wazazi wenyewe. Vyote viwili ni uongo, na hicho cha kwanza ni uongo ambao kila mwenye macho angeugundua nyumbani kwake.

Muulize baba mwenye kijana wa Down: huyu anafanya kazi gani? Atakujibu, "Hafanyi kitu, yupo tu nyumbani." Huyo "yupo tu" tangu alfajiri ameshateka ndoo sita, amefagia uwanja, ameosha masufuria ya jana, amefungua mbuzi na kuwafunga mahali penye majani, na sasa amembeba mtoto wa dada yake ambaye ameenda kazini. Kazi hizo hizo angezifanya msichana wa kazi, mwisho wa mwezi zingekuwa na bei. Akizifanya yeye zina jina jingine: anasaidia. Ukibana zaidi, baba ataongeza kwa fahari, "Ananisaidia sana huyu." Kiswahili chetu kimekuwa kichafu hapo. Wengine wanafanya kazi, yeye anasaidia. Anayesaidia hupewa soda.

Kwa hiyo suala la uwezo lilikwisha zamani, tena kwenye ua wetu wenyewe. Tumelifanya fumbo la kitabibu kwa sababu fumbo la kitabibu halina bili. Na hata huko kwa wataalamu halina ugumu tunaoupenda. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866. Mwaka 1959 Wafaransa wakaonyesha kwamba chanzo chake ni kromosomu moja ya ziada, ya 21. Haipatikani kwa laana wala kwa mama kuvuka kaburi. Kinachojulikana leo kuhusu kujifunza kwao kingetosha kwa fundi yeyote anayefundisha wanagenzi: wengi wao hushika wanachokiona vizuri kuliko wanachokisikia. Mwelekeze kwa maneno kumi, saba yatapotea. Mwonyeshe kwa mikono, kipande kwa kipande, ataondoka nacho.

Miaka ya 1970 Marc Gold wa Chuo Kikuu cha Illinois alilionyesha hilo kwa breki ya baiskeli, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Aliwachukua watu wenye ulemavu wa akili ambao walezi wao hawakuwategemea hata kwa kazi ndogo, akawapa breki yenye vipande 15 waiunde. Baadhi yao aliwapa vipande vilivyopakwa rangi upande mmoja, kuonyesha namna ya kuviweka. Hakuhutubia. Waliofuzu akawapa breki nyingine, ya vipande 24. Njia yake aliipa jina ambalo kwa Kiswahili ni Jaribu Namna Nyingine, maana yake: mwanafunzi akikwama, mwenye kubadilika ni mwalimu. Mafundi wa baiskeli ninaowajua, wenye akili zao zote, wakiifungua breki ya aina hiyo huifunga na skrubu mbili zimebaki mkononi.

Yule mama wa chapati hajawahi kumsikia Marc Gold. Alihangaika miaka miwili kumfundisha binti tarakimu za kwenye noti, akashindwa, akaacha tarakimu akashika picha. Elfu moja ina Nyerere, elfu mbili ina simba, elfu tano ina kifaru, elfu kumi ina tembo. Nyerere wawili ni simba mmoja. Simba wawili na Nyerere mmoja ni kifaru. Jero mbili za sarafu ni Nyerere. Chapati ni jero, kwa hiyo chapati mbili ni Nyerere, na nne ni simba. Sasa binti huyo anatoa chenji haraka kuliko makonda kadhaa wa njia yetu, na kwa uaminifu zaidi, ingawa hapo kwenye uaminifu nisimsifu mno nisije nikamrudisha umalaika. Siku moja alimficha mama yake kifaru, akaenda kununua mafuta ya nywele.

Ndipo tunafika kwenye kipande cha pili, cha sadaka. Mfano wake mkubwa uko Marekani, kwa sababu wenzetu hao wamezitangaza sana hadithi hizi na sisi tunazisambaza kwenye simu. Collette Divitto wa Boston, mwenye Down, aliomba kazi hapa na pale. Kwenye usaili walimchangamkia, halafu jibu likawa lile lile, kwamba hatawafaa. Alikuwa anaoka biskuti nzuri, na mwaka 2016 akafungua biashara yake ya biskuti. Habari zilipotoka, oda zikamiminika kwa maelfu. Watu husimulia hayo kama hadithi tamu. Mimi naisoma kama hati ya mashtaka: mtu alilazimika kuwa mwajiri kwa sababu hakuna aliyekubali kumwajiri. Tunapiga makofi pale ambapo tulitakiwa kuona aibu. Wangapi wenye Down hawajui kuoka, hawana mama mwenye jiko la kukopesha, na wangetosheka kabisa na kazi ya kupanga bidhaa kwenye rafu za duka?

Au mchukue Tim Harris wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, aliyefungua mgahawa mwaka 2010. Ulimwengu mzima ulijua kwamba kwenye menyu yake kulikuwa na kumbatio, na kwamba wateja walipanga foleni wakumbatiwe. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo alisoma chuo, akapata vyeti vya huduma ya chakula, kazi za ofisi na upokeaji wageni mgahawani. Vyeti havikuwa habari, kumbatio ndilo lililokuwa habari. Sikuipenda menyu ile, nasema wazi, maana ilimuuza malaika kwa watu waliokuja kumtafuta malaika. Ila namvulia kofia kwa alivyoifunga biashara. Mwishoni mwa 2015 mgahawa ulizimwa taa kwa sababu mwenyewe alikuwa amependa, na mchumba alikuwa anaishi Denver. Malaika gani huyo anayehama mji kumfuata mwanamke?

Kuna wanaosema, hizo si biashara zao, ni za wazazi wao. Hoja hii huwa inanichekesha ikitoka kwa mtu wa Kariakoo. John Cronin wa New York alipokaribia kumaliza shule alimwambia baba yake wafanye biashara pamoja. Wazo lake la awali lilikuwa gari la kuuza chakula. Likakwama kwenye jambo dogo, kwamba wote wawili hawajui kupika. Akasema basi tuuze soksi, zenye rangi za kichaa, kwa kuwa ndizo alizozipenda siku zote. Walianza Desemba 2016, baba akishika mahesabu na tovuti, mtoto akichagua bidhaa na kupeleka mizigo ya mwanzo milango ya watu, na pipi ndani ya boksi. Leo wameajiri watu wengi wenye ulemavu. Sasa niambie, duka gani la baba na mwana Kariakoo halikuanza hivyo? Mtaji wa baba, mzigo kwa mali kauli ya mjomba, dada yuko kwenye droo ya hela, na kwenye bango jina la kijana. Huyo tunamwita mfanyabiashara. Hakuna anayemuuliza kama angefika pale peke yake, kwa sababu hakuna aliyefika popote peke yake.

Imani ya huruma ina sheria zake pia. Marekani sheria ya 1938 iliruhusu waajiri wenye kibali kumlipa mlemavu chini ya kima cha chini. Baadhi ya majimbo yameifuta, ya taifa bado ipo. Anayepokea posho ya ulemavu kwa wasio na kipato hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kiwango kisichosogea tangu 1989. Mpaka ilipopitishwa sheria ya 2014 ya akaunti maalumu, mtu alikuwa anachagua kati ya kuweka akiba na kuendelea kusaidiwa. Nchi tajiri kiasi hicho ikamwambia mtu: tutakutunza, alimradi ubaki maskini.

Kwetu sheria ni nzuri kuliko sisi. Ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, mbili ni zao. Lakini mwajiri akikumbushwa asilimia 3 hutafuta anayetembelea magongo na anayejua kompyuta, ampe meza, amalize. Hata kwenye foleni ya walemavu kuna wanaosukumwa nyuma. Na mikopo huanza na akaunti ya benki. Nilimsindikiza mama wa chapati na bintiye kufungua moja. Mhudumu alimwangalia binti usoni, akamgeukia mama: "Tunahitaji mtu mwenye akili timamu." Binti alikuwa ameshika kitambulisho chake cha taifa mkononi. Sheria ya Mikataba inapotaka akili timamu, inauliza kama mtu huyu, wakati huo, anauelewa mkataba huu na athari zake kwake. Inapima uelewa wa jambo lililo mezani. Haipimi umbo la macho. Mhudumu hakumuuliza hata swali moja.

Pingamizi zito ni lile la vijiweni: vijana wenye digrii wanaendesha bodaboda, wewe unatuletea hawa? Naliheshimu, kwa sababu mwanangu mwenyewe yumo kwenye foleni hiyo. Lakini uchumi wetu mwingi hauna usaili wala meza ya mapokezi. Ni genge, ni shamba, ni banda la kuku, ni karai la mihogo. Humo kazi ipo na wenye Down tayari wanaifanya. Sijamwomba mtu ampokonye mwenye digrii nafasi. Nadai kwamba chapati 80 zikiuzwa, aliyesukuma 80 apate fungu lake mkononi, lenye hesabu, si gauni la Idi.

Na si wote wataweza. Karibu nusu huzaliwa na hitilafu ya moyo, wengi wana shida ya kusikia au ya tezi ya shingo, na kusahau kwa uzee huwajia mapema, wengine wakiwa na miaka 50 tu. Wapo watakaohitaji mtu pembeni kila siku, na wapo ambao kazi haitawafaa kabisa. Kama ilivyo kwa shemeji zangu wawili, ambao kromosomu zao ni kamili.

Ila wanaishi. Marekani mwaka 1983 wastani wa maisha ya mwenye Down ulikuwa kama miaka 25. Sasa unakaribia 60. Mioyo inafanyiwa upasuaji, hata hapa Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Jakaya Kikwete. Yule malaika aliyedhaniwa kuwa mgeni wa muda mfupi atamzika mama yake, kisha ataishi miaka 20 mingine kwa kaka ambaye mkewe hakuhesabu mdomo huo. Mama wa chapati ana miaka 61 na presha. Ndiyo maana kila jioni hugawa mauzo mafungu matatu, la unga na mafuta, lake, na la binti, ambalo huingia kwenye kibubu cha bati kilichofungwa kufuli. Ufunguo anao binti, shingoni, kwenye uzi wa tasbihi iliyokatika.

Jumamosi iliyopita nilichukua chapati sita, nikakaa kwenye benchi nikazila kwa chai. Nilipoinuka nilinyoosha noti ya elfu tano kuelekea kwa mama, kwa mazoea, mimi huyu ninayeandika haya. Mama akaendelea kugeuza chapati. Binti akaichukua mkononi mwangu, akaiangalia pande zote mbili, akanirudishia simba. Nikamshukuru nikaanza kuondoka.

"Kaka," aliniita. "Na chai?"