Chupa Isiyofunguliwa: Wiski ya Bourbon na Tamaa ya Kuhodhi

Wahenga walilonga kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii ilizaliwa chini ya minazi ya pwani ya Afrika Mashariki, lakini mnamo Februari mwaka 2013 ilipata shahidi katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, ambako mnazi haumei. Kampuni ya Maker's Mark, ambayo hutengeneza wiski ya aina ya Bourbon katika mji mdogo wa Loretto, iliwatangazia wateja wake kwamba ingepunguza ukali wa kinywaji chake kutoka asilimia 45 ya kileo hadi asilimia 42. Sababu haikuwa uhaba wa nafaka wala janga la moto. Sababu ilikuwa sifa: waliotaka wiski hiyo walikuwa wengi kuliko mapipa yaliyokuwa yamekomaa ghalani, na njia ya mkato ya kuwatosheleza wote ilikuwa kuitia maji zaidi. Wanywaji walighadhabika, na baada ya takriban juma moja kampuni ikalazimika kuutangua uamuzi wake.

Kisa hicho kilikuwa dalili ya homa kubwa zaidi. Tangu mwanzoni mwa karne hii, bei ya chupa mashuhuri za Bourbon imepanda kwa kiasi ambacho gharama ya kuitengeneza haiwezi kukieleza. Aghalabu wanaolaumiwa ni wenye viwanda na wenye maduka, nao hawakosi hatia. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya lawama inamstahili mnunuzi wa aina ya pekee: yule anayenunua chupa ili isifunguliwe. Mnunuzi huyo amekigeuza kinywaji kuwa bei, na hasara ya mageuzi hayo imewafika watu ambao hata hawakuwahi kuionja wiski yenyewe.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kwanza ifahamike Bourbon ni kinywaji cha namna gani. Mwaka 1964 Bunge la Marekani liliitambua kuwa zao mahususi la nchi hiyo. Sheria inataka angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, na kinywaji chenyewe kihifadhiwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa kwa ndani. Inapotoka katika mtambo wa kukenekea, wiski hii huwa angavu kama maji. Rangi yake ya kahawia na sehemu kubwa ya ladha yake hutokana na mbao hizo zilizochomwa, baada ya kungoja kwa miaka. Wakati wa kungoja, sehemu ya wiski huvukiza kupitia mbao za pipa, na watengenezaji huiita sehemu hiyo fungu la malaika. Pipa lililokaa ghalani kwa miaka 20 au zaidi aghalabu huwa limekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya kilichotiwa ndani yake.

Mambo mawili yanafuata kutokana na maumbile haya. Kwanza, mtengenezaji wa leo anakisia kiu ya kesho. Anayejaza pipa mwaka huu hana hakika ni wangapi watakaotaka kunywa miaka minane au kumi na miwili ijayo. Pili, na hili ndilo kiini cha mjadala huu, Bourbon hukomaa ndani ya pipa peke yake. Ikishatiwa chupani na kuzibwa, ukomavu wake hukoma. Chupa ya miaka 12 iliyofichwa kabatini kwa miaka mingine 10 inabaki kuwa wiski ya miaka 12. Baadhi ya mvinyo wa zabibu huendelea kubadilika chupani, hivyo mwenye kuuhifadhi anaweza kujitetea kwamba anausubiri uive. Mwenye kuhifadhi Bourbon hana utetezi huo. Kitu pekee kinachoweza kukua ndani ya chupa yake ni bei.

Ajabu ni kwamba utukufu wa wiski kongwe ulitokana na kukataliwa kwake. Katika miaka ya 1970 na 1980 Wamarekani wengi waliipa Bourbon kisogo, wakakimbilia vodka na vinywaji vingine vyepesi. Viwanda vilifungwa au vikauzwa. Kiwanda cha Stitzel-Weller mjini Louisville, kilichofunguliwa mwaka 1935 na kuhusishwa na mzee Julian Van Winkle aliyejulikana kwa lakabu ya Pappy, kiliuzwa mwaka 1972, na mwaka 1992 kikaacha kukeneka. Mapipa yaliyokosa wanunuzi yalizeeka ghalani kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyataka. Mjukuu wa mzee huyo, Julian Van Winkle wa tatu, alianza kuuza wiski hizo zilizokongoroka kwa jina la babu yake. Mwaka 1996 taasisi moja ya kuonja vinywaji mjini Chicago iliipa chupa yake ya miaka 20 alama 99 kati ya 100, na mambo yakabadilika. Mwaka 2002 familia hiyo iliungana na kiwanda cha Buffalo Trace cha mjini Frankfort ili kazi iendelee. Baadaye chupa ya Pappy ya miaka 23, ambayo bei elekezi yake ilikuwa takriban dola 300, ikawa inauzwa tena kwa maelfu ya dola. Jiwe walilolikataa waashi likageuka kuwa dhahabu ya walanguzi.

Hapa Kiswahili kinaweza kuwasaidia wanaolijadili suala hili, kwa maana kina vitenzi ambavyo havipaswi kuchanganywa: kukusanya, kulimbikiza, kuhodhi na kulangua. Anayekusanya anaongozwa na mapenzi na udadisi. Mfano wake ni mpenzi wa Blanton's, wiski iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 ikiwa ya pipa mojamoja. Kizibo cha kila chupa yake hubeba sanamu ya farasi na mpanda farasi, na viko vizibo vinane vyenye herufi zinazokamilisha jina la wiski hiyo. Mtu anaweza kuinywa wiski, akabaki na kizibo chake, na hajamdhulumu mtu. Anayelimbikiza amepita hapo. Anaongeza chupa juu ya chupa bila kujua atazinywa lini. Anayehodhi ananunua kwa nia ya kumzuia mwenzake asipate. Anayelangua ananunua kwa bei ya dukani ili kesho amuuzie huyohuyo aliyekosa, kwa bei ya kukomoa. Wote wanne hujiita wakusanyaji. Tatizo la Bourbon limeanzia katika kukubali kwamba jina hilo linawafaa wote.

Isitoshe, mipaka baina ya vitenzi hivyo huvukwa kwa urahisi. Mfano mzuri ni wiski ya Weller. Kwa miaka mingi ilikuwa kinywaji cha mtu wa kawaida, chupa ya bei nafuu iliyokaa rafuni bila kugombewa. Habari ziliposambaa kwamba nayo, kama Pappy, hutengenezwa kwa ngano badala ya shayiri nyeusi katika kiwanda hichohicho cha Buffalo Trace, rafu zikabaki tupu. Wiski haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uvumi. Aliyekuwa akiinunua ili ainywe na jirani yake jioni ya Jumamosi ndiye aliyepoteza, na hakuna aliyemwomba radhi.

Palipo na mzoga ndipo wakusanyikapo tai. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba takriban chupa 200 za Pappy zilikuwa zimeibwa katika kiwanda cha Frankfort, na mwaka 2015 watu tisa wakashtakiwa katika kesi ya wizi wa wiski iliyowahusisha hata wafanyakazi wa viwanda vyenyewe. Mwaka 2023 ilibainika katika jimbo la Oregon, ambako serikali husimamia uuzaji wa pombe kali, kwamba maafisa kadhaa wa mamlaka husika walikuwa wamejitengea chupa adimu ambazo raia walikuwa wakizitafuta bila mafanikio. Mkuu wa mamlaka hiyo alijiuzulu. Chupa hizo zililipiwa, lakini nafasi ya kuzinunua ndiyo iliyonyakuliwa. Katika majimbo mengine, kama Pennsylvania, imebidi wanunuzi waingie katika bahati nasibu ili wapate tu ruhusa ya kununua. Jamii inapofikia hatua ya kupigia kura haki ya kutoa pesa zake, haina budi kujiuliza inanunua nini.

Watetezi wa uhodhi wana hoja zao, na ni haki zisikilizwe. Husema kwamba mali ni ya mwenyewe, na kwamba aliyelipa ana uhuru wa kunywa, kutunza au kuuza. Husema pia kwamba bila wao, chupa za kale za viwanda vilivyokufa zingekwisha kumwagwa na historia ikapotea. Hoja ya pili ina uzito. Kentucky yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2017 inayowaruhusu wafanyabiashara wenye leseni kununua chupa za zamani kutoka kwa watu binafsi, na kwa njia hiyo vizazi vya leo vinaweza kuonja glasi ya wiski ambayo kiwanda chake hakipo tena. Lakini huko ni kuhifadhi kunakoishia katika kuonjwa. Chupa iliyotoka kiwandani mwezi uliopita si historia. Ama hoja ya uhuru wa mali, ni kweli kwamba uhuru upo, ila si kila kilicho halali kinastahili kusifiwa. Msomaji wa Kenya aliyewahi kusikia kilio cha uhaba wa sukari au unga wa mahindi ilhali maghala ya watu yamejaa hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Fauka ya hayo, uhodhi umezaa madhara makubwa kuliko bei: umekuwa ukitoa ushahidi wa uongo. Chupa iliyonunuliwa na kunywewa ni kiu iliyothibitika. Chupa iliyonunuliwa na kufichwa huhesabiwa kuwa kiu vilevile, ingawa hakuna koo lililoburudika. Wenye viwanda walipoona foleni ndefu, rafu tupu na bei za kutisha, waliamini kwamba dunia imeshikwa na kiu isiyokatika. Wakajenga maghala mapya na kujaza mapipa usiku na mchana. Kufikia mwaka 2025 Kentucky ilikuwa na zaidi ya mapipa milioni 16 ya Bourbon yanayokomaa, katika jimbo lenye wakazi takriban milioni nne na nusu. Hayo ni zaidi ya mapipa matatu kwa kila mkazi, watoto wachanga wakiwemo.

Wakati huohuo, kiu ya kweli ilikuwa ikipungua. Uchunguzi wa maoni wa Gallup wa mwaka 2025 ulionyesha kwamba ni asilimia 54 tu ya watu wazima nchini Marekani waliosema kwamba hunywa pombe, kiwango cha chini kabisa tangu shirika hilo lilipoanza kuuliza swali hilo katika miaka ya 1930. Machi mwaka huohuo, kutokana na mvutano wa ushuru, majimbo mengi ya Kanada yaliziondoa pombe za Marekani katika maduka yao. Uhodhi, basi, haukuwa sababu ya pekee ya msukosuko uliofuata. Lakini ndio uliowaziba macho waliopaswa kuuona ukija. Mwaka 2025 kampuni ya Brown-Forman ilikifunga kiwanda chake cha kuundia mapipa mjini Louisville, na zaidi ya wafanyakazi 200 wakaathirika. Desemba ya mwaka huo Jim Beam ikatangaza kwamba ingesitisha ukenekaji katika kiwanda chake kikuu cha Clermont kwa mwaka mzima wa 2026. Seremala wa mapipa hakuwahi kuilangua chupa hata moja. Hata hivyo, gharama ya homa ya walanguzi imemfika mlangoni, nao wenye makabati yaliyojaa wamebaki wakishangaa mbona bei zinashuka.

Msomaji asiyekunywa pombe huenda akauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa kuwa kilichoipata Bourbon chaweza kukipata kitu chochote ambacho thamani yake imo katika kutumiwa: kiwanja kisichojengwa, nyumba isiyokaliwa, kitabu adimu kisichosomwa. Kitu kama hicho kikianza kununuliwa ili kisitumiwe, bei yake huacha kusema ukweli, na wanaoitegemea bei hiyo kupanga maisha yao hupotoshwa.

Hatimaye, yafaa kurejea kwa mgema. Tembo la mnazi lina adabu moja ambayo Bourbon haina: haliwekeki. Linalogemwa alfajiri huwa kali jioni, na likiachwa siku chache huwa siki. Kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kulihodhi, na bei yake haijawahi kupita hamu ya walioketi kulinywa. Bourbon haiwezi kuwa tembo, lakini wapenzi wake wanaweza kujifunza adabu hiyo. Mwenye kiwanda na apime kiu kwa chupa zilizomalizika, wala si kwa urefu wa foleni. Mwenye duka na amkumbuke mteja anayerudi kila mwezi kabla ya yule anayekuja na gari tupu siku ya shehena. Naye mwenye kabati na achukue kizibuo, awaite wenziwe, afungue. Wiski hiyo ilingoja miaka mingi ndani ya pipa ili inywewe. Kuingoja zaidi ndani ya chupa hakuiongezei kitu.