Mabalako: Hofu ya homa si ya kuchekwa

Ebola ilitangazwa kwetu Mangina tarehe 1 Agosti 2018. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 katika majimbo matatu. Mahema yaling'olewa, magari ya Riposti yakaondoka. Hofu ilibaki.

Mpaka leo kuna mtu ambaye akipata homa usiku halali. Anajishika paji la uso kila saa, anahesabu siku 21. Mwingine anaogopa hata kufika kituo cha afya. Anakunywa dawa za sokoni kimya kimya. Nasi tunawaambia: "Acheni woga, Ebola iliisha."

Maneno hayo hayaponyi mtu. Ebola huanza kama malaria: homa, kuumwa kichwa, uchovu. Tena ilirudi, Butembo Februari 2021, Beni Oktoba 2021. Anayeogopa si mjinga. Lakini hofu ikimfanya mama afiche homa ya mtoto, malaria inaweza kumuua mtoto huyo bila Ebola kuwepo.

Viongozi wa afya, mwenye homa apimwe malaria siku ileile. Aelezwe majibu kwa lugha anayoisikia. Aulizwe pia kuhusu usingizi na mawazo yake. Kusikiliza wenye hofu kusiwe kazi ya wakati wa mlipuko tu.

Na sisi majirani, tuache kucheka. Mwenye hofu asindikizwe mpaka kituoni.